Shija Bado Anatakiwa Kliniki

Yusta mwanangu,

Baba yako yuko sebuleni anafunga begi lako kwa kamba ya katani ingawa zipu yake ni nzima. Nimemwachia. Kila mtu ana namna yake ya kuaga, na yake ni hiyo ya mafundo. Wewe umekwenda kuagana na wanakwaya, na kwaya ile haijawahi kumuaga mtu kwa wimbo mmoja, kwa hiyo nina muda. Maharage yanachemka, mimi nimekaa mezani nakuandikia.

Sitaandika habari za kuchemsha maji, wala za mwenye nyumba wako huko Misunkumilo, Mpanda, wala za vijana wa bodaboda. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na nitayarudia kwenye simu upende usipende. Ninalotaka kukuambia halisemeki kwenye simu. Wiki hii nimejaribu mara mbili kukuambia uso kwa uso. Juzi tulipokuwa tunachambua mchele nilianza, nikanyamaza, ukaniuliza, "Mama, vipi?" Nikasema mgongo. Haukuwa mgongo.

Jumatatu unaanza kazi wodi ya watoto, hospitali ya masista. Watakupa nywila yako, utafungua mfumo wa kompyuta, na kwa kuwa hospitali yenu inapokea wagonjwa wa huku kwetu Majimoto na Kasansa, utaona majina ya watoto tunaowajua. Mmoja wao atakuwa Shija, mtoto wa Mama Kulwa. Kando ya jina lake utaona alama nyekundu inayosema hajaletwa kliniki. Utashtuka, kwa sababu ulikuwa likizo alipofariki na wewe ndiye uliyeteka maji ya msibani. Halafu utashuka chini ya ukurasa, utaona jina la muuguzi aliyejaza taarifa za nyumbani kwao. Ni langu. Nataka uyasikie kwangu kwanza.

Unakumbuka vishikwambi vilipoletwa zahanati, na wewe ukanifundisha kuvitumia hapa hapa mezani, ukinicheka nilivyokuwa nabonyeza kwa kidole kama anayepima pilipili. Mambo ya uzito na chanjo yalikuwa yale yale ya kwenye kadi. Kilichokuwa kipya ni ule ukurasa wa maswali ya nyumbani. Mtoto anaishi na nani? Chakula kinatosha? Maji yako mbali? Akiugua, yuko wa kumleta? Mwezeshaji aliyekuja kutufundisha alitueleza vizuri maana yake. Alisema mtoto anaweza kupewa dawa sahihi na bado akarudi mahututi, kwa sababu kinachomuumiza kiko nyumbani na hospitali haikioni. Ukijibu kwamba chakula hakuna, taarifa inamfuata mtoto huyo popote atakapotibiwa. Hospitali haimruhusu kurudi nyumbani mpaka afisa ustawi wa jamii amemwona mama, na mhudumu wa afya wa kijijini anapata ujumbe aende kuitazama kaya. Nililielewa hilo, Yusta. Usije ukanitetea kwa kusema mama yako hakuelewa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kijinga tu. Niliuliza maswali yale barazani, mbele ya foleni. Na wewe unajua watu wetu. Ukimuuliza mwanamke mbele ya wenzake kama kwake kuna chakula, umemtukana. Yule bibi wa karibu na mashine ya kukoboa, aliyekuwa amemleta mjukuu, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kwani nesi, unataka kuja kula kwangu?" Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka, nikabonyeza kwamba chakula kipo. Kuanzia siku hiyo nikaacha kuuliza. Nilikuwa nabonyeza mwenyewe, haraka haraka, kwa kuwa ukurasa haukubali kufunga bila majibu na kina mama wanangoja juani. Nikajiambia nawajua watu wangu, nimewazalisha nusu yao. Kwenye kikao cha wilaya zahanati yetu ikasifiwa kwa kurasa zilizojaa, hakuna pengo hata moja. Nilirudi na soda mkononi nimevimba kichwa, baba yako shahidi.

Sasa Mama Kulwa. Wewe unamjua kwa karanga zake na sauti yake kubwa, lakini hukumwona siku aliyomleta Shija, mwaka ule wa mvua nyingi. Pacha wake, Kulwa na Doto, walikuwa wameanza kutembea vizuri, na Shija aliyewafuata alikuwa bado mgongoni. Masika yalikuwa yamekolea, familia nyingi zimehamia kwenye vibanda vya shambani kulinda mpunga. Alikuja zahanati kwa miguu, amelowa mpaka kiunoni. Nilipompima Shija nikaona uzito umeshuka sana, na kifua kinakwaruza. Nikamwingiza chumba cha sindano, nikafunga mlango. Hilo angalau nililifanya sawasawa.

Humo ndani akaniambia. Mume wake alikuwa ameondoka kabla ya kupandikiza mpunga, kaenda machimboni kwenye dhahabu, na tangu hapo si simu wala salamu. Ghala lilikuwa tupu. Yeye na watoto walikuwa wanakunywa uji wa chenga za mchele, mara moja kwa siku, na siku nyingine pacha wakipata, Shija anabaki na ziwa tu, nalo lilikuwa halina kitu. Alisimulia bila kulia. Nikachukua kishikwambi, akanishika mkono.

"Usiandike, nesi. Shemeji zangu wakijua hayupo watachukua majaruba ya mpunga. Nitalisha nini hawa? Andika baba yupo."

Hofu yake haikuwa ya kuwaza tu. Wale shemeji walishawahi kumwondoa mjane wa ndugu yao mwingine, tena kabla ya arobaini. Na sikiliza hili: mhudumu wa afya wa kijiji kile, yule ambaye ujumbe ungemwendea aende kuitazama kaya, alikuwa shemeji yake mdogo. Mwezeshaji aliyetufundisha hakuwa na namna ya kujua hilo. Mimi nilijua.

Mimi nimelelewa na bibi yako, na bibi yako alikuwa akisema aibu ya mwenzio ifunike kwa nguo yako. Nikamfunika Mama Kulwa. Nikabonyeza kwamba mtoto anaishi na wazazi wote wawili. Nikabonyeza kwamba chakula kinatosha, na kwamba yupo wa kumleta akiugua. Nilijiona mtu mwema.

Palikuwa na jibu la tatu kwenye kila swali, Yusta. Liliandikwa "Hakutaka kujibu." Ningelibonyeza hilo, siri yake ingebaki kwake, na hospitali ingejua kwamba pale pana jambo. Sikulibonyeza kwa sababu lilikuwa linataka maelezo, halafu bosi wetu anapiga simu kuuliza kwa nini, na mimi sikutaka kurasa zangu zipate doa. Nimejitetea kwa mengi miaka hii, kwamba nilimhurumia, kwamba nilikuwa naogopa wale shemeji. Yote ni kweli. Lakini ukiyaondoa yote, chini kabisa utakuta ile soda ya kikaoni.

Nikamwandikia rufaa, nikamtafutia pikipiki ya kumpeleka akapande basi la Mpanda. Na wakati anamfunga mtoto mgongoni nikamwambia neno ambalo sitalisahau mpaka nife. Nilimwambia, "Wakikuuliza, sema hivyo hivyo nilivyoandika, yasije yakapishana."

Alisema hivyo hivyo. Daktari alikuwa kijana mpole, Mama Kulwa mwenyewe ndiye aliyenisimulia aliporudi, tena kwa kumsifu. Alisema hakumsumbua kwa maswali, alisoma tu kwenye kompyuta, akamuuliza kama baba yupo, naye akajibu yupo. Akatibu kifua, na kifua kikapona. Uzito akaona umeshuka kwa sababu ya ugonjwa, na simlaumu. Mtoto wa nyumba yenye baba na chakula akikohoa hukonda, na akipona hunenepa. Akawaruhusu. Akamwambia mama ampe maziwa na mayai, ale mara nyingi kidogo kidogo, na baba amrudishe baada ya wiki wamtazame. Afisa ustawi hakuitwa, kwa sababu hapakuwa na kilichomwita.

Mama Kulwa alirudi kwenye kile kibanda cha shambani, kwenye ule uji wa chenga. Shija akafia humo, mvua ikinyesha. Njia ilikuwa imejaa maji, waliokwenda kumsaidia kumleta mtoto barabarani walichelewa. Yanayofuata unayajua, ulikuwepo.

Usilolijua ni kwamba mpunga ulipovunwa alikuja hapa nyumbani na debe la mchele kichwani. Shemeji zake hawakupata kujua kwa wakati, mume akarejea msimu wa mavuno na redio tu mkononi, na majaruba yakabaki kwake. Alipiga magoti palepale mlangoni, akanishukuru kwa lugha ya kwao, "Wabeja, nesi. Mtoto Mungu kampenda, ila wewe uliniokolea shamba." Nikaupokea. Ningekataa vipi? Wewe ulipika ule mchele, ukausifu kwa kunukia, na mimi nikasema tumbo linaniuma. Kila mavuno tangu hapo huleta debe, na kila mavuno tumbo langu huuma. Baba yako alifikiri nina vidonda vya tumbo.

Wapo wanaosema marehemu huja ndotoni. Shija haji ndotoni. Anakuja kila mwanzo wa mwezi, asubuhi kweupe, kwenye orodha ya watoto wanaotakiwa kliniki. Ili atoke ni lazima nijaze kwamba amefariki, na kabla ya kupokea hilo mfumo unauliza swali moja: je, taarifa za nyumbani zilizojazwa zilikuwa sahihi? Kuna Ndiyo na kuna Hapana. Nikibonyeza Ndiyo nitakuwa nimemdanganyia mtoto mara ya pili. Nikibonyeza Hapana lazima nieleze. Basi nafunga ukurasa, na yeye anaendelea kukua humo ndani. Mfumo umenikumbusha matone yake ya vitamini. Umenikumbusha dawa zake za minyoo. Mwaka huu mfumo umeniambia Shija ametimiza miaka mitatu. Wenzake wa umri ule wanakuja na kupanda juu ya mizani wenyewe, nami huwatazama miguu nikipima yake ingekuwa imefika wapi. Nina hofu nayo ile mashine, mwanangu, mimi ninayemcheka kila mtu kwa kuogopa wachawi.

Baada ya Shija niligeuka. Kwa miezi kadhaa niliandika kila kitu, nani kapigwa, nani kaachwa, nani analala njaa. Mpaka siku moja nikakiacha kishikwambi kikiwa wazi mezani, mtu akapita akasoma, na jioni habari za msichana mmoja zikawa zinasimuliwa kwenye mashine ya kukoboa. Kwa hiyo nimekosea kwa kuficha na nimekosea kwa kuanika. Sina mizani ya kukupa iliyo sawa.

Mwezi huu sasa. Ndio ulionifanya nikae nikuandikie. Nilikuwa naita majina barazani, kichwa kimechoka, macho yangu yapo kwenye orodha, na mdomo ukasoma yenyewe. Nikaita, "Shija!" Na pale mwisho wa benchi Mama Kulwa akainuka. Aliinuka kwa mazoea, kama mama yeyote anayesikia mtoto wake anaitwa, akafika nusu, akakumbuka, akakaa. Alivuta kanga akamfunika vizuri aliyekuwa naye mgongoni.

Yule wa mgongoni ni Kashinje, binti yake. Humjui bado. Baba yake ameondoka tena, machimbo yale yale. Nilipomweka kwenye mizani nikajua kabla mshale haujatulia. Mkono wa mtoto ulikuwa mwembamba ule ule wa Shija, Yusta. Nilifunga mlango wa chumba cha sindano na kufungua ukurasa, na kabla sijauliza lolote mama yake akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, kama tunavyosema watu tunaoaminiana, "Andika kama ulivyoandika kwa Shija."

Nilimwambia mtandao umekatika. Mtandao ulikuwepo. Nikampa unga wa lishe uliokuwa kabatini, nikamwambia nitamtumia ujumbe mtandao ukirudi.

Jana usiku nilimwambia baba yako yote. Akasema, "Ukimwambia Mama Kulwa, wewe utapata usingizi na yeye ataanza kukesha." Ana haki ya kusema hivyo, na mimi nimekuwa nikijiambia hivyo hivyo. Mama Kulwa anaamini mtoto wake alichukuliwa na Mungu na shamba likaokolewa na nesi. Nikimweleza, ataona kwamba siku ile, mle chumbani, mimi na yeye tuliweka mtoto upande mmoja na shamba upande wa pili, bila yeye kujua. Ni mzigo gani huo wa kumpa mwanamke? Nilitaka kuubeba peke yangu hadi kaburini, na pengine ningefanya hivyo kama kusingekuwa na Kashinje. Lakini ataendelea kuniomba niandike vile, kwa sababu anaamini kuliwafaa. Na karatasi ya rufaa ya Kashinje itakuja wodini kwako. Utafungua ukurasa, utasoma kwamba baba yupo na chakula kipo, na utaamini, kwa kuwa ameandika mama yako.

Usiniamini, Yusta. Usimwamini yeyote kwa ukurasa uliojaa vizuri. Ukiona kaya haina shida hata moja huku kwetu, tena masika, ujue kuna mtu alikuwa na haraka. Muulize mama tena, ila mtoe kwanza wodini, na wakwe wasiwepo. Usimuulize kama chakula kipo. Muulize jana mtoto alikula nini, na kabla ya hapo alikula nini, halafu nyamaza, umwache ahesabu. Akikuomba usiandike, muulize anamwogopa nani, kwa sababu mara nyingi atakayeupokea ujumbe wako ndiye huyo huyo. Siri yake itunze. Lakini kutunza siri na kuandika uongo ni vitu viwili, mimi nilivichanganya vikawa kimoja. Na usimfundishe mgonjwa la kusema. Usifanye hivyo hata kwa huruma. Huruma yangu ndiyo iliyomfungia yule mtoto mlango wa hospitali akiwa ndani yake.

Leo mchana nimempigia afisa ustawi wa wilaya. Nimemwuliza kama ujumbe wa kaya moja unaweza kwenda kwake moja kwa moja bila kupitia kijijini. Amesema inawezekana, nikiomba kwa maandishi, na kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Simu ilikuwa fupi. Muda wote ule ilikuwa ni simu moja tu.

Kwa hiyo kesho, basi lako likishaondoka, nitapanda bodaboda kwenda kwa Mama Kulwa. Nitamwambia yaliyompata Shija, kwa mpangilio, pamoja na lile neno langu la mwisho. Halafu nitamwomba anipe Kashinje nimlete kwako na ukurasa wa kweli. Anaweza kunitukana. Anaweza kunifukuza na kumficha mtoto, na hapo nitakuwa nimewapoteza wawili, hilo ndilo linaloniogopesha kuliko aibu. Kama ataniambia nisiandike, sitaandika, nitabonyeza lile jibu la tatu na nitakaa mlangoni kwake mpaka akubali mtoto aende. Nimekuandikia wewe kwanza makusudi. Najijua. Ukishaisoma barua hii sina tena pa kurudi nyuma.

Basi, mwanangu. Nakusikia unakuja, sauti imekukauka kwa kuimba. Nitaificha kwenye begi, chini ya kitenge, baba yako afungue mafundo yake kidogo. Utaikuta ukifika.

Kesho usinipigie simu kabla ya jioni. Nitakuwa nimekaa na Mama Kulwa.

Mama yako